Mwasumini wa majani mabaka: namna ya kuuotesha nyumbani ukakupa maua kweli

Nyumba nyingi huku kwetu Zanzibar zina mwasumini uani, ila ukiuliza maua unaambiwa "ah, huu hautoi bwana, majani tu". Na wale waliobahatika kupata ule wa majani mabaka, kijani kimechanganyika na weupe wa krimu, ndo malalamiko zaidi, mara majani yameungua, mara mti mzima umerudi kijani kitupu na yale mabaka yaliyomfanya mtu aununue hayaonekani tena. Basi mtu anakimbilia mbolea, mwengine anamwaga maji asubuhi na jioni mpaka mizizi inaoza. Mi nasema kinachokosekana mara nyingi ni mkasi. Asumini inachomoza kwenye ncha ya tawi changa, tawi kongwe halikupi kitu, kwa hiyo mti usiokatwa unabaki na matawi yale yale na maua yanapungua kila mwaka. Nitaeleza kuanzia kununua mche mpaka kuchuma, lakini pale pa mkasi usiparuke.

1. Jua unachonunua

Asumini yenyewe, ile ya vikuba (vile vishada vya maua ya kunukia vya kujipamba) na ya kutia kichwani, kitaalamu ni Jasminum sambac. Asili yake ni upande wa India huko, na Ufilipino wao wameifanya ua la taifa tangu 1934. Ni mti wa kichaka usiopukutisha majani, mwaka mzima umevaa, na ukiuacha unafika mita mbili hata tatu huku ukiegemea chochote kilicho karibu. Ipo ya ua jepesi la petali safu moja, ipo ya petali nyingi iliyojaa. Ule wa mabaka ua lake ni hilo hilo jeupe na harufu ni hiyo hiyo, tofauti iko kwenye jani.

Sasa hapa watu wanaingizwa mjini. Kuna mti mwengine wa majani mabaka na maua meupe ambao na wenyewe unauzwa kwa jina la asumini, wataalamu wanauita Tabernaemontana divaricata. Unauona mzuri kitaluni, majani yanang'aa, unabeba unakwenda zako. Kuujua ni rahisi, vunja jani moja pale pale kwenye kikonyo, ukiona maziwa meupe yanatoka basi mwambie muuzaji ahsante, uondoke. Mwasumini hauna maziwa. Halafu ua la huo mti petali zake zimepinda upande mmoja kama pangaboi, la asumini halipindi hivyo. Si kwamba ni mti mbaya, kupambia nyumba unafaa na usiku unanukia kiasi chake, ila utomvu wake si wa kuchezea, na kama nyumbani kuna mtoto anayetia kila kitu mdomoni mi nisingeuweka karibu.

Jani la mwasumini linakaa mawili mawili yakitazamana, saa nyengine matatu pamoja, la mviringo, ukingo wake hauna meno. Kwenye ule wa mabaka hutaona majani mawili yanayofanana, moja limenyunyiziwa kidogo tu, jengine nusu nzima nyeupe. Chagua mche ambao kijani kinafika angalau nusu ya majani yote. Watu wanapenda ule mweupe zaidi mana unapendeza macho, lakini sehemu nyeupe ya jani haina ule ukijani unaotengeneza chakula cha mti, kwa hiyo mche mweupe sana ni mche wenye njaa, utakaa mwaka mzima haujaongeza hata shubiri.

Kabla hujalipa, geuza majani mawili matatu utazame chini yake na kwenye makwapa ya matawi. Ukiona vitu vyeupe kama pamba, achana nao hata kama bei imeshuka.

2. Pa kuuweka

Mwasumini wa kijani wa kawaida unavumilia jua la kutwa. Wa mabaka hapana. Jua la asubuhi mpaka saa nne au saa tano ndo lake, baada ya hapo upate kivuli chepesi, hasa miezi ya Kaskazi, Disemba mpaka Februari, ambapo jua la saa nane linakausha ile sehemu nyeupe mpaka inakuwa rangi ya karatasi iliyounguzwa. Upande wa mashariki wa nyumba ndo pahala pake, ukuta wenyewe utaukinga jioni. Chini ya mnazi pia panafaa, makuti yanachuja jua, ila usiweke usawa wa nazi zinapodondokea, sina haja ya kueleza.

Lakini usije ukaufungia kwenye kiza eti unaogopa jua. Kwenye kiza maua yanakuwa machache sana na mabaka yenyewe yanafifia, mti unajaza kijani ili ujipatie chakula. Wenye mafleti ya Michenzani na nyumba za Mji Mkongwe, roshani inayopata jua la asubuhi inatosha kabisa, na kwenye ua wa ndani ya nyumba uweke pale jua linapofika japo saa tatu au nne kwa siku.

Upepo nao utazame. Mtu wa Paje, Jambiani au Makunduchi anajua Kusi ikivuma inakuja na chumvi, na mtu wa Nungwi anaijua Kaskazi. Chumvi ya upepo inaunguza ncha za majani hata kama mizizi haina shida yoyote. Weka nyuma ya ukuta au ua wa makuti, na siku ya upepo mkali ukipata maji baridi, yani yasiyo na chumvi, uyaoshe majani jioni.

Usiupande mbali. Mti huu unanukia usiku, sasa ukiuweka nyuma ya banda la kuku harufu anaifaidi nani? Karibu na dirisha la kulala, karibu na baraza, au pale mlangoni mgeni anapovulia viatu.

3. Udongo

Huku kwetu udongo unabadilika ukitembea maili mbili tu. Mwenye kinongo, ule mwekundu wa upande wa magharibi ya Unguja, hana la kulalamika, aongeze samadi basi. Mwenye kichanga maji yanapita yote, inabidi aongeze samadi na majani yaliyooza kwa wingi, na arudie kila mwaka. Wa kinamo, ule unaonata na kupasuka ukikauka, huyo mtihani wake ni maji kutuama, bora apande juu ya tuta la futi moja kuliko kuchimba shimo litakalogeuka kisima wakati wa Masika.

Ndugu zetu wa maweni ndo wenye kazi kubwa. Ardhi ya mawe ya matumbawe ina chokaa nyingi, na mwasumini haupendi chokaa, unapenda udongo wenye uchachu kidogo. Kwenye chokaa chuma kinakuwemo lakini mizizi haiwezi kukichukua, jani linakuwa njano. Ushauri wangu kwa mtu wa maweni ni mmoja, asipoteze nguvu kuchimba, apande kwenye chungu kikubwa au dumu la lita 20 lililokatwa juu na kutobolewa chini. Na hata aliyeko mjini asipande kwenye mguu wa ukuta mpya, pale mafundi walipomwaga kifusi cha saruji na chokaa, ni maweni yale yale ya kutengenezwa.

Mchanganyiko wa chungu: ndoo tatu za udongo mzuri, ndoo moja ya samadi ya ng'ombe iliyokaa ikaoza mpaka haina harufu, ndoo moja ya mchanga mkubwa wa mto au wa shimo. Mchanga wa pwani usitie, una chumvi na ule mweupe wenyewe ni vipande vya matumbawe na makombe, yani chokaa tupu. Mbolea ya kuku mbichi pia usitie, inaunguza. Chungu kiwe na upana wa sentimita 30 kwa kuanzia, matundu chini yawe matatu manne na siyo moja.

Kuhusu makumbi. Makumbi ya nazi ni mazuri sana, ukiyapanga chini ya shimo yanahifadhi unyevu, na ukiyatandaza juu jua halikaushi udongo. Ila uliza yametoka wapi. Yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba wa kusokotea kamba yamekunywa maji ya bahari miezi na miezi, na yakiwekwa kwenye shina chumvi yote inashuka kwenye mizizi. Chukua makumbi ya jikoni kwako, nazi uliyofua mwenyewe, basi.

4. Kupanda

Wakati mzuri ni mvua zinapoanza, Machi mwishoni kwa Masika au Oktoba ikiingia Novemba kwa Vuli. Chungu unaweza wakati wowote.

Chimba sentimita 45 kwenda chini na upana huo huo, changanya udongo uliotoka na ndoo moja ya samadi iliyooza, mwagia maji shimo kwanza yanywee. Toa mche kwenye kifuko bila kuvunja donge, ila ukikuta mizizi inazunguka kama imefungwa kamba, ilegeze kwa vidole. Shina likae usawa ule ule lilivyokuwa kwenye kifuko, usilizamishe. Shindilia kwa mkono siyo kwa mguu, mwagia tena. Kama unapanda zaidi ya mmoja uache mita moja na robo baina yao, na kama una kuku zungushia mawe au miba, mana kuku akiona udongo umetifuliwa anajua kaitwa.

5. Maji

Wiki mbili za mwanzo kila siku. Baada ya hapo ingiza kidole kwenye udongo mpaka kifundo cha pili, ukihisi ubichi usimwagie, ukihisi pakavu mwagia mengi mara moja mpaka yatoke chini ya chungu. Hii ya kumwaga kikombe kimoja kila magharibi haina faida, inalowesha juu tu, mizizi inabaki juu juu na siku moja ukisafiri mti umekwenda. Wa ardhini ukishakamata, mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi unatosha, Masika hapana haja kabisa. Wa chungu unakauka haraka, Kaskazi huenda ikawa kila siku.

Maji ya mfereji hayana neno. Maji ya kisima cha karibu na pwani yaonje, ukihisi ukali wa chumvi ulimini basi usiyategemee, kinga ya mvua kwenye pipa uyatumie hayo. Dalili ya chumvi ni ncha ya jani kukauka rangi ya kahawia kisha ikapanda ukingoni, na kwenye jani la mabaka inaanzia kwenye weupe.

6. Mkasi

Haya, hapa ndo penyewe.

Kule Madurai, India ya kusini, asumini hii hii watu wanaipanda shambani kwa biashara, na wakulima wa huko kila mwaka wanaikata mpaka inabaki kichaka cha sentimita 45 au 50 kutoka chini. Wanaikata ikiwa hai na nzima, na ndo inayowapa maua ya kujaza vikapu. Sisi tukiona mti umefika dirishani tunafurahi tunauacha, tunasema unapendeza, halafu tunalalamika maua yako juu huko mawili matatu.

Mkato wa aina ya kwanza ni wa kila mara. Kila kishada kikimaliza kutoa, usiache kile kikonyo kikavu pale nchani, kata kushuka chini pingili mbili au tatu, juu kidogo tu ya pale majani mawili yanapotazamana. Kwenye kila kwapa la jani pana jicho dogo, ukikata juu yake macho yote mawili yanaamka, kwa hiyo ncha moja imekuwa mbili na baada ya wiki kadhaa kila moja inabeba kishada chake. Ukifanya hivi mwaka mzima unaona mwenyewe hesabu inavyokwenda.

Wa pili ni mkato mkubwa, mara moja kwa mwaka. Huku kwetu mi napendelea mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi, mti umeshachoka na jua la Kaskazi na Masika iko mlangoni, ukichipua unakuta maji tayari. Wa kijani ushushe mpaka kwenye goti. Wa mabaka usiukate kikatili hivyo, hauna akiba ya kutosha, ondoa theluthi moja ya urefu inatosha, na mwaka unaofuata theluthi nyengine. Toa pia matawi makavu, yaliyopishana katikati, na yanayolala chini. Mkasi uwe mkali na uufute kwa spiriti au uupitishe kwenye moto kabla ya kuhamia mti mwengine.

Wa tatu ni wa mabaka peke yake, na huu haungoji msimu. Mti wa mabaka una aina mbili za chembe ndani yake, za kijani na zisizo na kijani, na mara kwa mara unatoa tawi ambalo ni kijani tupu kuanzia shina lake mpaka nchani. Tawi hilo linakwenda mbio kuliko mengine kwa sababu kila inchi ya jani lake inafanya kazi, likiachwa miezi sita linafunika kila kitu. Wanaosema "mwasumini wangu umegeuka" hili ndo lililowapata. Ukiliona lifuate mpaka linapoanzia, likate pale pale kwenye mzizi wa tawi bila kubakiza kisiki, mana kisiki kitachipua kijani kile kile. Likitoka jeupe tupu nalo litoe, halina uwezo wa kujilisha.

Sasa hesabu ya sherehe. Kutoka kukata mpaka maua kuchanua ni wiki sita mpaka nane hivi, kwa mti wenye afya na joto la kutosha. Huku harusi nyingi zinangoja Mfungo Mosi, na Idi kila mtu anataka asumini, kwa hiyo ukiukata mwasumini wa kijani nusu ya Shaaban umebakisha siku 45 au pungufu kidogo kufika Idi, unaangukia pazuri. Wa mabaka unakwenda taratibu, uukate Shaaban ikiandama au hata Rajab mwishoni. Ikiangukia kipupwe, Juni mpaka Agosti, ongeza wiki mbili mana baridi inauchelewesha. Sikuahidi tarehe, mti ni mti, lakini anayekata kwa hesabu anapata zaidi ya anayengoja bahati.

7. Mbolea

Kidogo na mara kwa mara. Baada ya mkato mkubwa weka ndoo nusu ya samadi iliyooza kuzunguka shina, isiguse shina lenyewe. Ukitaka ya dukani, NPK (ile yenye naitrojeni, fosfati na potasi) ya namba sawa, 17-17-17, kijiko kimoja cha chakula kwa mti wa ardhini kila baada ya wiki sita, uichimbie kidogo na umwagie maji. Wa chungu kijiko cha chai.

Urea waachie wenye mchicha. Urea ni majani, mwasumini unakuwa mkubwa mzuri wa kijani hauna hata ua, na ule wa mabaka unachochea zile ncha za kijani tupu.

8. Njano ipi ni ugonjwa na ipi ni urembo

Kwenye mwasumini wa mabaka hili linawachanganya watu wengi. Tazama hivi. Mabaka ya asili hayana mpango, yamekatika ovyo, mpaka baina ya weupe na kijani ni wazi kabisa na jani ni gumu zima. Njano ya kukosa chuma ina mpango, mishipa ya jani inabaki kijani na katikati yake pote pana njano, na inaanza kwenye majani machanga ya juu. Hiyo ni chokaa, dawa yake ni kupulizia chuma cha kuyeyuka kinachouzwa maduka ya pembejeo, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na kuendelea kutandaza majani yaliyooza juu ya udongo.

Njano inayoanza majani ya chini, makongwe, yote kwa pamoja bila mishipa ya kijani, ni njaa ya mbolea. Na njano inayokuja na kulegea huku udongo umelowa, hiyo ni mizizi inaoza. Hapo acha maji, kama ni chungu utoe mti, kata mizizi myeusi inayonuka, upande upya kwenye udongo mkavu wenye mchanga zaidi. Mara nyingi chanzo ni kile kisahani cha chini ya chungu kilichojaa maji wiki nzima, na kisahani hicho ndo kinazaa mbu pia, kwa hiyo kitoe tu.

9. Wadudu

Vidung'ata, wale weupe kama pamba, ndo adui namba moja. Vidukari wanakaa kwenye ncha changa na vitumba. Wote hawa wananyonya utamu wa mti na kutoa majimaji matamu, na chungu, yani sisimizi, wanafuata hayo majimaji. Ukiona mstari wa chungu unapanda shina, usiwalaumu chungu, panda nao kwa macho mpaka walipo wanyonyaji. Majimoto, wale sisimizi wekundu, na wao wanaweza kujenga humo kwa kukunja majani, na aliyewahi kuchuma karafuu hahitaji kuambiwa namna wanavyouma.

Dawa ya kwanza ni maji ya nguvu kwenye mpira, chini ya majani, asubuhi. Hayakutosha, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, pulizia jioni, asubuhi suuza. Sabuni ikizidi inaunguza weupe wa jani kwa hiyo usijitie fundi. Mwarubaini nao unasaidia, konzi mbili za majani yatwange, yaroweke usiku kucha kwenye lita mbili za maji, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo ishike, pulizia kila baada ya siku tano mara tatu. Miezi mikavu ukiona jani lina vinukta vidogo vidogo vya rangi ya vumbi na utando mwembamba chini yake, ni utitiri, anachukia unyevu, mwagia majani maji kila siku wiki nzima ataondoka.

Ukipulizia chochote, maua ya siku hiyo na ya kesho yake usiyatie kichwani wala kwenye kikuba.

10. Kuzidisha miche

Mwasumini huu ni nadra kuzaa mbegu, na hata ungezaa, mbegu haibebi mabaka. Ni tawi tu, na tawi unalochagua ndo mti utakaopata: la kijani litatoa kijani, jeupe litakufa, kwa hiyo tafuta lenye majani yaliyochanganyika vizuri na macho yake yametoka sehemu yenye mistari ya rangi zote mbili.

Kukata: chukua tawi ambalo si laini la kijani changa wala si gumu la kuni, ukilipinda linakubali kidogo kisha linavunjika. Urefu sentimita 10 mpaka 15, pingili tatu au nne. Toa majani ya chini, ya juu bakisha mawili na uyakate nusu. Chomeka kwenye mchanga mkubwa uliochanganywa na udongo kidogo, pingili mbili ziwe ndani. Funika kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako, kizibo ukifungue mchana kidogo. Kivulini, ubichi wa wastani. Wiki nne mpaka sita ukivuta polepole linakataa, basi limeshika. Usilivute kila siku lakini.

Kulaza tawi: hii mi naipenda zaidi kwa ule wa mabaka mana tawi linaendelea kunyonya kwa mama yake. Chukua tawi la chini, kwangua gamba kidogo chini ya pingili, libonyeze kwenye udongo, weka jiwe juu, ncha iachie nje. Baada ya miezi miwili chimbua utazame, ikiwa mizizi ipo ya kutosha kata upande wa mama, acha wiki moja nyengine kisha uhamishe.

11. Kuchuma

Vitumba vinavyochumwa ni vile vilivyonenepa na kuwa vyeupe kabisa, vile vyenye kijani bado havitafunguka ukivichuma. Alasiri saa kumi mpaka kumi na moja ndo wakati wake, vinachanua vyenyewe magharibi ikiingia, na ukichuma hivi kikuba kinafunguka kikiwa tayari kwa mvaaji. Shika kitumba kwa kucha mbili kwenye shingo, usivute, utang'oa na vidogo vyengine vya kishada. Viweke kwenye bakuli pana au ungo, usivirundike, funika kitambaa kibichi.

Asumini inaendelea kutoa harufu hata baada ya kuchumwa, na ndo sababu haipendi kuchemshwa kama tunavyochemsha mchaichai na makonyo ya karafuu kutoa mafuta, moto unaiharibu. Kama zimekuzidi, tia konzi moja ya zilizochanua kwenye chupa ya mafuta ya nazi safi, ziwe kavu kabisa bila tone la maji, ziache saa 24 kivulini, zichuje, tia nyengine mpya. Rudia mara tano au sita, ukizembea ukaziacha siku nyingi ndani zinaoza na mafuta yanavunda. Mafuta yakishakolea yachuje kwa kitambaa cha pamba, chupa iwe ya rangi ya kiza na kizibo kibane, yakae mbali na jua.